Jogoo Nilimwandika, Watu Nikawaacha

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Bibi Anastazia, mwenye nyumba na mwenye hadithi. Spesioza, mkamwana wake, na mtoto mgongoni. Mzee Melkiori, jirani, aliyekaa mlangoni akisema yeye hasikilizi. Domitila, aliyekuja kuomba moto akasahau kuondoka nao. Dokta, mwalimu wa fasihi kutoka chuo kikuu, viatu vyekundu kwa vumbi la Kibondo. Na mimi Leokadia, mnukuzi, redio kaseti mapajani na penseli mbili nywelani. Kuku nao walikuwepo, nitawafikia.

Siwataji ili kujaza karatasi. Mkifika mwisho mtajua kwa nini siwezi kuanza kwa namna nyingine. Kwanza niwaambie kazi yenyewe, maana ninyi wa siku hizi mnabonyeza simu mara moja, sauti inakaa, mnakwenda zenu kula chipsi.

Kunukuu ni hivi. Mtafiti anakuletea kanda, na ndani ya kanda kuna mtu anasimulia kwa Kiha, lugha yetu Waha. Unasikiliza maneno matatu, unasimamisha, unaandika. Maneno matatu tena, unasimamisha, unaandika. Ukijaribu sita, matatu utayatunga mwenyewe. Dakika kumi za mzee mwenye meno ni kazi ya asubuhi nzima. Za mzee asiye na meno ni siku mbili. Kurudisha kanda nyuma usitumie mashine, inakula betri. Chomeka kalamu kwenye tundu la kanda uizungushe hewani kama unafukuza inzi. Betri zikichoka zianike juu ya bati, zitakupa hadithi moja fupi zaidi. Na kanda zako zifunge kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu vumbi la kwetu likiingia humo, hata bibi mpole atasikika kama fisi.

Hayo sikuyasoma popote. Shule niliacha darasa la sita, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini. Nilikuwa mkubwa, nikabaki na wadogo zangu watatu: mapacha Bukuru na Butoyi, na Kiza aliyewafuata. Asubuhi niliuza dagaa sokoni Kasulu, jioni niliwaandikia majirani barua. Dokta alipokuja kutafuta mnukuzi alitaka mtu wa kidato cha nne. Akaletewa wawili, wote wana mwandiko kama kuku kapekua. Mwenye nyumba ya wageni alikofikia akamwonyesha barua niliyomwandikia kwa ajili ya shemeji yake.

"Umesoma mpaka wapi?" Dokta akaniuliza.

"Darasa la sita, mzee."

"Mbona uliacha?"

"Niliacha mimi. Mwandiko haukuacha."

Akacheka mpaka akavua miwani. Jumatatu nikaanza kazi.

Jina lake lilitupa taabu vijijini. Tulipofika Titye mara ya kwanza, kabla hatujatoa hata mashine kwenye mfuko, kina mama walikuwa wameshapanga foleni na watoto wenye kikohozi. Dokta akasimama juu ya jiwe, akaeleza kwamba yeye ni daktari wa fasihi. Mama wa mbele akamsogezea mtoto. "Hata hiyo anayo, baba, tangu juzi." Safari iliyofuata Dokta alibeba chupa tatu za dawa ya kikohozi, na hatukukosa wasimulizi tena.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa Dokta. Alikuwa Mama Tekla, mpiga chapa wa Kasulu, mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi, aliyechapa karatasi zetu kwa taipureta iliyokosa herufi moja, akaijaza kila mara kwa kalamu. Wiki ya kwanza nilimpelekea kurasa safi kabisa, najivuna. Akazisoma, akaniambia nimletee na kanda. Akasikiliza, kisha akanivuta sikio kama mtoto.

"Sikio hili ni jizi, mwanangu. Linachukua linachokijua, linaacha lisichokijua. Mzee hapa amekohoa, amesahau, amerudi nyuma. Wewe umemnyoosha kama shati. Nani alikutuma upige pasi?"

Basi nikaacha kupiga pasi. Aliyekohoa nikamwandika kakohoa.

Sasa nije kwa Dokta na swali lake, maana ndilo lililotufikisha kambini kwa wakimbizi wa Burundi. Neno lake lilikuwa uenyeji. Kila hadithi ina kwao, alisema, na kazi ya mwanafasihi ni kujua ni kwao wapi. Alikuwa na fomu. Juu: jina la msimulizi. Kati: kijiji. Chini: uenyeji wa hadithi, na nafasi ya vidole viwili ya kuujaza. Za Waha ziliingia faili la bluu, nazo ndizo zingekuwa kitabu. Za wengine zote ziliingia faili la kijani, na faili la kijani lilikuwa linakwenda kabatini.

Mimi sikuwa na ugomvi na hilo, mpaka tulipokwenda kambini upande wa Mabamba. Dokta alitaka asikie Warundi wanasimuliaje, apate kulinganisha, maana Kiha na Kirundi husikilizana. Tukaelekezwa kwa Bibi Anastazia. Alikuwa mwembamba, na ulimi wake ulikuwa na afya kuliko mwili wote. Alivuka mpaka pamoja na Spesioza, mke wa mwanawe. Mwanawe mwenyewe, Lazaro, mwalimu wa shule ya msingi, walipotezana naye njiani. Spesioza alikuwa mjamzito. Mtoto alizaliwa kambini, baba hajui kama ni hai au si hai, wala kama alizaliwa.

Shida ya kwanza ilikuwa jua. Wageni wote walitakiwa kutoka kambini saa kumi. Na kwetu hadithi hazisimuliwi mchana, iwe huku kwa Waha au kule ng'ambo. Anayesimulia mchana hupotea njia ya kwao.

"Bibi, hiyo si imani tu?" Dokta akasema kwa upole.

"Baba, njia ya kwetu nimeshaipoteza mara moja. Unataka niipoteze tena kwa ajili ya kiredio chako?"

Dokta akatazama viatu vyake. Bibi akamhurumia.

"Lakini usiku tunaweza kuuleta. Usiku ni nini? Kuku wakilala, ni usiku. Mimi sijui kipimo kingine."

Basi saa sita ya mchana, jua utosini, tukaanza kukamata kuku. Wa Bibi walikuwa wanne, hao tuliwapata upesi tukawafunika tenga. Spesioza akatundika blanketi mlangoni, Domitila akaziba dirisha kwa kitenge chake. Akabaki jogoo wa Mzee Melkiori, anayezurura uani kama mjumbe wa nyumba kumi.

"Jogoo wangu hahusiki," akasema Melkiori. "Mimi mwenyewe sisikilizi."

"Usiposikiliza ni shauri lako," akasema Bibi. "Jogoo atalala."

Dokta alimfukuza jogoo yule mizunguko mitatu ya nyumba, tai imemrukia begani. Watoto wa kambi nzima walishangilia. Hatimaye akamwingiza chini ya tenga, akakaa mkekani akihema, akanipa ishara. Nikabonyeza.

Bibi hakuanza na hadithi. Alianza na majina. Kwanza wale aliokaa nao alipoisikia yeye, msichana, nyumbani kwao ng'ambo: mama yake, shangazi zake wawili, ndugu zake, jirani aliyekuja kuazima jembe. Kisha akatutaja sisi, mmoja mmoja, kila anayetajwa anaitikia "Ego!", yaani ndiyo. Alimtaja hata mtoto mgongoni, Spesioza akamwitikia. Alimtaja hata Melkiori.

"Mimi sisikilizi," akasema Melkiori.

"Umeshatajwa. Itikia."

"Ego," akasema Melkiori kwa hasira.

Kisha hadithi ikaanza, na maneno ya mwanzo tu yalinitoa jasho. Naijua. Ni hadithi ya mama yangu. Mama alikuwa mtu wa Nyabibuye, upande huu wa mpaka, na hiyo alitusimulia jikoni labda mara ishirini. Lakini kila alipofika pale mto unapojaa, Kiza alilia, na mama akasema, "Leokadia, wewe mkubwa, kambembeleze mwenzio." Nikirudi, imekwisha. Mapacha wakati huo wameshalala. Kwa hiyo kati yetu wanne hakuna aliyewahi kusikia mwisho, na mama akaenda nao.

Bibi akafika pale mto unapojaa. Nikashika penseli kwa mikono miwili.

Ndipo jogoo akawika chini ya tenga.

"Kumekucha," akasema Bibi, akanyamaza.

"Bibi, tafadhali," akasema Dokta.

"Jogoo akiwika ni asubuhi. Hata kwenu, nadhani."

Hatukuwa na namna. Tukasimama wote, tukakunja mkeka, tukaamkiana. Dokta akamwuliza Domitila ameamkaje, Domitila akasema ameamka salama, ila usiku ulikuwa mfupi. Kisha tukamvika jogoo gunia juu ya tenga, tukatandika mkeka, tukalala kidogo, na usiku wa pili ukaingia saa saba kasoro. Bibi akaendelea hadi mwisho.

Mwisho wenyewe siuandiki hapa. Vumilieni.

Tulipotundua blanketi, Dokta akatoa fomu yake. Alikuwa na furaha na wasiwasi pamoja, kwa sababu nilikuwa nimemnong'oneza habari za mama.

"Bibi, hadithi hii ni ya nani? Ya Waha au ya Warundi?"

"Ya waliokuwepo."

"Waliokuwepo wapi?"

"Si nimewataja? Au masikio umeyaacha kwenye gari?"

Bibi akageuka kwangu, akanieleza taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtungi. Ukitaka kuisimulia hadithi, unataja kwanza wale uliokaa nao ulipoisikia, halafu wale ulio nao leo. Hivyo ndivyo inavyojua kwao. Ukimwacha mmoja, umemtoa nje kwenye mvua, na wewe huna ruhusa ya kuifungua.

"Sasa sikia, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu. "Lazaro ni mwalimu. Popote alipo atashika kitabu, hawezi kujizuia. Akiona majina ya kwanza atajua ni mama yake anayesema. Akiona ya pili atajua nani yu hai, na kwamba ana mtoto, na mtoto anaitwa nani. Mimi barua sijui niipeleke wapi. Hii itajipeleka. Utaandika majina yote?"

"Nitaandika, bibi."

Nilisema hivyo mbele ya watu. Melkiori ni shahidi, ingawa hakusikiliza.

Sasa ndugu zangu, jifunzeni kwangu jinsi mtu mwaminifu anavyofanya ubaya. Sikudharau. Sikusahau siku ile wala ya pili. Lakini kanda za kunukuu zilikuwa nyingi, na Dokta alikuwa na amri ya tangu mwanzo: maamkizi na majina ya watu yaachwe, karatasi ni ghali, anza pale hadithi inapoanza. Nikajiambia majina ya Bibi nitayaandika nyuma ya fomu nikimaliza. Wiki hiyo mapacha wakashikwa na malaria, wote wawili, maana mapacha hawana adabu ya kupokezana. Nilinukuu kitandani kwao, kanda sikioni, kitambaa cha maji mkononi. Niliandika hadithi yote, neno kwa neno, bila kupiga pasi. Pale penye mto niliandika kwa mabano: jogoo anawika. Nikajisifu kwa uaminifu huo. Na kwa kuwa kanda tupu zilikuwa chache, iliyokwisha kunukuliwa ilirudi kazini. Tulimrekodi humo mfuga nyuki wa Titye.

Miezi ikapita. Siku moja Mama Tekla alikuwa anachapa, akasimama na kidole hewani.

"Leokadia. Hapa umeandika 'wanaitikia'. Ni akina nani hawa wanaoitikia?"

Nikaivuta karatasi nisome mwenyewe.

"Jogoo namwona," akaendelea, "amekaa vizuri kabisa. Watu wako wapi?"

Nikakimbilia sanduku la kanda. Nikaiweka ile, nikabonyeza, mfuga nyuki wa Titye akaniambia jinsi ya kufukiza mzinga.

Kesho yake nilimwachia Mama Tekla wadogo zangu, nikapanda lori la mahindi kwenda Kibondo. Kibali cha kuingia kambini kilichukua siku mbili za kukaa kwenye benchi. Nilipofika, mlangoni kwa Bibi Anastazia akatoka mwanamke nisiyemjua. Familia ile ilikuwa imehamishwa. Mmoja akasema kambi nyingine, mwingine akasema wamerudi ng'ambo, wa tatu akasema tu wamekwenda. Domitila naye alikuwa ameondoka. Aliyebaki alikuwa Mzee Melkiori, na jogoo.

"Nilijua utakuja," akasema. "Sura yako ni ya mtu aliyeacha kitu."

Nikamweleza. Hakunigombeza, ingekuwa afadhali. Alikaa palepale mlangoni pake, akafumba macho, akaanza kutaja. Alikuwa mtu wa kilima kimoja na Bibi huko ng'ambo, kwa hiyo wale wa kwanza aliwataja bila kusita: mama, shangazi wawili, ndugu, na yule wa jembe. Kisha akatutaja sisi kwa mpangilio uleule wa siku ile. Akafika kwa Spesioza, akakwama.

"Na mtoto," nikasema.

"Na mtoto."

"Anaitwa nani?"

Jogoo akapita kati yetu mara mbili.

"Nyumbani walimwita Kadogo," akasema mwishowe. "Jina alilolitaja siku ile ni lingine, la ubatizo au la ukoo. Niliitikia jina langu kwa hasira, mama. La mtoto lilishanipita. Si nilikuwa sisikilizi?"

Tukacheka kidogo, sote wawili, kisha tukaacha. Nikawauliza majirani, nikamwuliza katekista wa mtaa ule, nikauliza wenye orodha ya kambi. Wenye orodha walikuwa na namba ya kadi. Jina hawakuwa na ruhusa ya kunionyesha.

Niliporudi Kasulu nilimkuta Dokta anapanga mafaili. Hadithi ya Bibi alikuwa ameiweka kwenye la kijani. Nikaitoa nikaiweka kwenye la bluu. Akaitoa. Nikairudisha.

"Leokadia, msimulizi ni Mrundi."

"Na mama yangu alikuwa Muha wa Nyabibuye, akaisimulia ileile, mzee. Sasa tuikate katikati, wewe uchukue kichwa?"

"Fomu inataka uenyeji."

"Uenyeji nimekuja nao."

Nikachukua fomu. Nafasi ya vidole viwili haikutosha, nikabandika karatasi kwa ugali wa baridi, nikaandika majina yote, ya ng'ambo na ya kambini. Pale pa mtoto nikaandika: na mtoto mgongoni mwa Spesioza, jina lake. Nikaacha wazi; Kadogo sikuandika, kila nyumba ina Kadogo wake. Dokta akasoma mpaka chini. Akaona jina lake mwenyewe kati ya Domitila na langu. Sijui alifikiri nini, ila alivua miwani kama siku ile ya mwandiko, na hakucheka.

"Mimi pia ni mwenyeji?" akauliza.

"Umetajwa, mzee. Si uliitikia?"

Kitabu kilitoka na hadithi ndani yake, na majina juu yake, na nafasi ile wazi. Mchapaji alidhani ni kosa akataka kuiziba. Mama Tekla alimwandikia barua ambayo nadhani bado anaiogopa. Nakala mbili nilizopewa nilizipeleka kwenye parokia karibu na mpaka, nikaomba zivushwe. Kama Lazaro alishika mojawapo, alijua mama yake na mke wake wako hai. Alijua ana mtoto. Hakujua amwite nani.

Nimenukuu kwa watafiti wengi baada ya Dokta, mpaka macho yalipogoma. Wote wanaleta fomu, na zote zina ile nafasi ya vidole viwili. Kwa hiyo vijana, nawaomba kitu kimoja. Washeni mashine kabla watu hawajakaa. Izimeni baada ya wote kuondoka. Mkinukuu, aliyekuja kuomba moto mwandikeni, na anayesema hasikilizi mwandikeni wa kwanza, huyo ndiye atakayekumbuka.

Wadogo zangu wamekua. Butoyi ana watoto wakubwa. Tukikutana Krismasi, Bukuru hunianza kabla hajavua koti.

"Dada, leo utatumalizia ya mama?"

"Bado."

"Mto umejaa tangu tukiwa watoto! Watu hawajavuka?"

"Walivuka," humwambia. "Mimi ndiye sijavuka."

Na Kiza, aliyelia kila usiku wa hadithi ile, huinama akisingizia kumwaga chai.

Mwisho wangeweza kuukuta kitabuni, najua. Hawajawahi kuufungua ukurasa ule. Wanautaka kinywani kwangu, na kinywani kwangu hautoki mpaka nitaje wote niliokaa nao.

Wewe uliyezaliwa kambini Kibondo miaka ile ya tisini, bibi yako Anastazia, mama yako Spesioza, baba yako Lazaro mwalimu. Ulikuwa mgongoni siku tulipolaza kuku mchana. Jogoo alipowika ulipiga chafya, hiyo naikumbuka. Nyumbani walikuita Kadogo, lakini bibi yako alitaja jina lingine, nami nililisikia kwa sikio hili. Hapa Kasulu ukimwuliza yeyote sokoni kwa Leokadia mnukuzi atakuonyesha nyumba. Njoo uniambie unaitwa nani. Kuna watu watatu, watu wazima sasa, wanasubiri nianze.